Kutoka Lugha ya Kitabu hadi Lugha ya Nyumba: Usomaji wa Biblia na Utendaji Wake katika Kiswahili cha Lubumbashi

0. Utangulizi

Katika komini ya Kampemba, mojawapo ya komini saba za mji wa Lubumbashi, kuna mtaa uitwao Bel-Air na mwingine uitwao Hewa Bora. Majina hayo mawili yanasema karibu jambo moja, la kwanza kwa Kifaransa na la pili kwa Kiswahili. Neno "bora" katika mji huu lina kazi ya pekee. Ndilo tunalotumia tukitaka kutenga Kiswahili cha vitabuni na kile cha majumbani na barabarani. Husemwa kwamba padri au mchungaji fulani anahubiri kwa "Kiswahili bora", na anayesema hivyo aghalabu anakusudia mambo mawili kwa pamoja: kwamba mhubiri anastahili heshima, na kwamba si kila neno lake limeeleweka.

Makala haya yanahusu tofauti hiyo. Madhumuni yake ni kuchunguza kwa ufupi historia ya usomaji wa Biblia katika Lubumbashi, na hasa jinsi wasomaji walivyojaribu kulitenda kila siku neno walilolisoma. Hoja yetu ni hii: katika mji huu, kusoma kwa makini hakujawa tendo la mtu mmoja na kitabu chake peke yake. Kumekuwa kazi ya pamoja ya kulihamisha neno kutoka lugha ya kitabu hadi lugha ya nyumba. Neno ambalo halikuhamishwa liliheshimiwa, likakaririwa, hata likaimbwa, lakini lilikuwa vigumu kulitenda. Kwa hiyo Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho baadhi yetu tulio vyuoni tumezoea kukiona kama lugha iliyoharibika, kimekuwa ndicho chombo cha utendaji huo.

Tutaanza kwa kueleza kitabu kilivyofika, tuwatazame wasomaji wa mwanzo, kisha tukae zaidi juu ya chama cha Jamaa. Baada ya hapo tutachambua maneno machache, tuone mitihani iliyowapata wasomaji wa mji huu katika miaka ya 1970 na ya 1990, na mwishowe turejee Kampemba ya leo.

1. Kitabu kilichotoka pwani

Biblia ya Kiswahili haikuandaliwa kwa ajili ya watu wa Katanga. Tafsiri za mwanzo zilifanywa pwani. Agano Jipya lililotokana na kazi ya Askofu Edward Steere kule Unguja lilitolewa mwaka 1879, na Biblia nzima katika lahaja ya Kiunguja ikafuata mwaka 1891. Wamisionari wa Mombasa hawakuridhika, wakatayarisha tafsiri yao kwa Kimvita, ambayo ilikamilika mwaka 1914. Mjerumani Karl Roehl alitoa yake mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuyarudisha yale ya Kibantu. Baadaye, mwaka 1952, ikatoka Biblia ya Muungano, ambayo ilikuja kutumiwa na Waprotestanti wengi wa Afrika ya Mashariki na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi kwetu.

Katika mjadala wote huo, Kongo haikuwa na kiti. Lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizihusu nchi nne zilizotawaliwa na Waingereza, yaani Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kiswahili cha Kongo kiliachwa nje. Si kwamba hakikujulikana. Mmisionari Mprotestanti John Whitehead, aliyefanya kazi Wayika kando ya mto Lualaba, alichapisha kitabu cha Kingwana mwaka 1928, na mapadri wa Shirika la White Fathers walikuwa wakitumia Kiswahili tangu karne iliyotangulia katika vituo vyao vya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Lakini kwa jumla, kitabu kilichofika mikononi mwa msomaji wa Katanga kilitoka kwa mtafsiri aliyekuwa na msikilizaji mwingine akilini.

Katika Katanga ya kusini, wamisionari wa mwanzo hawakuanza na Kiswahili. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, makao makuu ya Mfalme Msiri, mwaka 1886, na wenzake waliomfuata walijishughulisha zaidi na lugha za wenyeji, kama Kisanga. Kiswahili kilikuja kutawala mjini kwa sababu nyingine. Fabian (1986) ameonyesha kwamba mahitaji ya serikali, ya misheni na ya kampuni ya migodi, Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo yaliyokiinua Kiswahili katika Katanga. Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule ambao reli ya kutoka kusini iliufikia. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi, nao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili kikawa lugha ya kazi kabla hakijawa lugha ya sala.

2. Wasomaji wa mwanzo mjini

Katika historia ya Ukristo wa Afrika ya Mashariki, neno "kusoma" lilipata upana wa pekee. Kule Buganda, baada ya wamisionari kufika mwaka 1877, waongofu waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, na baadhi ya maandishi waliyojifunzia yalikuwa ya Kiswahili cha Steere. Kuwa msomaji na kuwa Mkristo kulikuwa jambo moja. Katika Elisabethville hali haikuwa sawa kwa wote.

Kwa upande wa Waprotestanti, wasomaji wa kwanza wa mjini wengi hawakuwa wenyeji. Walikuwa makarani, mafundi na watumishi waliotoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambako walikuwa wamepitia shule za misheni. Walikuja na vitabu vyao, wakikusanyika na kusoma, wakati mwingine kabla mmisionari hajafika. Mmethodisti John Springer, ambaye baadaye alifanywa askofu, alijenga kazi yake katika mji huu juu ya watu wa namna hiyo. Kwao, mtu aliyeshika kitabu mwenyewe hakuwa na haja ya kungoja ruhusa ya mwingine ili akielewe.

Uhuru huo uliitia hofu serikali ya kikoloni. Kutoka Rhodesia yaliingia pia mafundisho ya Watch Tower, yakazaa huku kwetu harakati iliyojulikana kwa jina la Kitawala. Jina lenyewe ni somo la isimu: asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mnara, lakini sikio la Mswahili lililisikia pamoja na kitenzi "kutawala", na serikali nayo ikalisikia hivyo hivyo. Wafuasi walifungwa na kuhamishwa. Kosa waliloshtakiwa lilikuwa la kisiasa, lakini mwanzo wake ulikuwa usomaji: waliyasoma maneno kuhusu mwisho wa falme za dunia wakayahusisha na ufalme uliokuwa mbele ya macho yao.

Mji huu ulikuwa pia na mfungwa ambaye maisha yake yalitoa mfano mwingine. Simon Kimbangu, aliyehukumiwa mwaka 1921 huko Kongo ya Chini, aliletwa Elisabethville akakaa gerezani karibu miaka thelathini, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Huduma yake ya hadharani haikufika nusu mwaka. Kifungo chake kilichukua sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima.

Kwa upande wa Wakatoliki, waliokuwa wengi zaidi katika kambi za Union Minière, mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Wabenedikto wa Jean-Félix de Hemptinne walifika Katanga mwaka 1910, Wasalesiani mwaka 1911, na shule nyingi za Waafrika zikawekwa mikononi mwa misheni hizo. Misa ilisomwa kwa Kilatini. Lililosemwa kwa Kiswahili lilikuwa katekisimu: swali, jibu, swali, jibu. Habari za Biblia zilijulikana kwa masimulizi na kwa picha zaidi kuliko kwa kitabu chenyewe. Mkatekumeni alitakiwa kushika majibu kwa moyo, na majibu hayo yalikuwa katika Kiswahili ambacho si chake. Aliyejibu bila kukosea alibatizwa. Je, aliporudi nyumbani kwa mkewe, alikuwa na maneno ya kumweleza alichojibu? Swali hilo ndilo lililozaa Jamaa.

3. Jamaa: kusoma bila kitabu mkononi

Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933, anajulikana duniani kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotolewa kwa Kifaransa hapa Elisabethville mwaka 1945. Kwa historia yetu, lililo kubwa zaidi ni alilolifanya baadaye. Kuanzia mwaka 1953, akiwa katika kambi ya Musonoi karibu na Kolwezi, aliacha kuanza na majibu akaanza na maswali. Aliwauliza wafanyakazi wa migodi na wake zao: mtu anataka nini hasa katika maisha yake? Kutokana na mazungumzo hayo yalitoka mambo matatu yaliyokuwa nguzo za mafundisho yote ya Jamaa: uzima, uzazi na mapendo. Kwa pamoja yaliitwa umuntu.

Tuyatazame maneno hayo kama wanaisimu. Hakuna hata moja kati yake lililohitaji kuelezwa. "Uzima" katika Kiswahili cha Katanga ni afya na pia ni utimilifu: muntu muzima ni mtu asiyepungukiwa. "Uzazi" ulikuwa tumaini na hofu ya kila nyumba. "Mapendo" ndiyo namna ya kwetu ya kutaja kile ambacho Biblia ya Muungano inakiita "upendo". Wazazi huwapa watoto jina hilo. Naye "muntu", pamoja na wingi wake "bantu", ni umbo la Kiswahili chetu ambalo mwalimu wa shule angelisahihisha liwe "mtu" na "watu". Jamaa haikulisahihisha, bali ililiweka katikati ya imani yake.

Yafaa tukubali pingamizi moja. Jamaa haikuwa, kwa maana ya kawaida, chama cha kusoma Biblia. Fabian (1971), ambaye ndiye aliyeichunguza kwa undani zaidi na aliyerekodi mafundisho yake, anaonyesha kwamba kiini cha mikutano kilikuwa "mafundisho", yaani hotuba na mazungumzo ya mdomo, wala si kitabu kilichofunguliwa mezani. Hata hivyo, mafundisho hayo yamejaa Maandiko. Yanarudi kila mara kwenye Mwanzo: mawazo ya Mungu kabla ya kuumba, Adamu na Eva kabla na baada ya anguko. Yanarudi kwa Bikira Maria na Yezu. Anayeyasikiliza anakutana na watu wanaosoma sura chache kwa makini mno, wakiuliza kila tendo lilitoka katika wazo gani, ila tu wanasoma kwa kumbukumbu na kwa sauti. Kwetu sisi huu ni usomaji, tena usomaji mkali, kwa sababu hauruhusu mtu kupita juu ya neno asilolielewa.

Utendaji haukuja baada ya usomaji huo. Ulikuwa sharti la kuuendeleza. Mtu hakuingia Jamaa peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, wakipita njia moja baada ya nyingine, nao waliitwa Baba na Mama. Aliyetaka kuendelea ilimpasa kuonyesha katika ndoa yake kwamba fundisho la kwanza limeshika. Kwa mfanyakazi wa mgodini aliyezoea kuamrishwa kutwa na kuamrisha jioni, kukaa na mkewe wakafafanua pamoja sura ya Mwanzo na kuambiana yaliyo moyoni lilikuwa jambo jipya. Hata neno "kazi" lilibadilika. Fabian, katika makala aliyoyatoa mwaka 1973, amelichambua neno hilo katika mazungumzo ya Jamaa na kuonyesha kwamba halikubaki kuwa kibarua cha kampuni tu, bali lilihusu pia bidii ya kuwakaribia watu wengine na kuwazaa katika imani.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafariki Ubelgiji mwaka 1977. Jamaa ilienea katika miji ya migodi, Lubumbashi ikiwamo, lakini uhusiano wake na Kanisa uliharibika. Maaskofu waliona mafundisho mengine yamepotoka, hasa yale yaliyomhusu Yezu na Maria, na kundi lililoitwa Katete lililaumiwa kwa kugeuza umoja wa kiroho kuwa tendo la mwili. Katika miaka ya 1970 hatua kali zilichukuliwa, na wengi walilazimika kuchagua kati ya Jamaa na sakramenti. Si kazi ya makala haya kuamua nani alikuwa na haki. Tunaona tu kwamba hatari iliyotajwa ilikuwa ya kweli: usomaji unaotoka katika kitabu na kuingia nyumbani unaweza kusahau njia ya kurudi kitabuni. Ndiyo maana pande zote mbili za safari hiyo zinahitajika.

Wakati huo huo Kanisa lenyewe lilikuwa limefungua mlango. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, ulihimiza Maandiko yawe wazi kwa waamini wote. Misa ikaanza kusomwa kwa Kiswahili. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuchagua, tangu 1961, njia ya jumuiya ndogo za Kikristo, ambamo majirani hukutana, husoma, na kuulizana watafanya nini. Kwa maneno mengine, lile lililoanzia pembeni mwa Kanisa likaja kuwa, kwa namna iliyochungwa zaidi, utaratibu wa parokia.

4. Maneno machache na safari yake

Ili hoja yetu isibaki hewani, tuchukue mifano minne ya maneno na kuona yanavyosafiri.

Mfano wa kwanza ni "mtendaji". Waraka wa Yakobo, katika sura ya kwanza, unawatenga watendaji wa neno na wale ambao ni wasikiaji tu. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa na bahati ambayo lugha nyingi hazina. Kiambishi "-ji" huonyesha mazoea: "mtenda" ni aliyetenda, pengine mara moja, "mtendaji" ni yule ambaye kutenda kumekuwa desturi yake. Kwa hiyo wazo la kila siku, ambalo katika lugha nyingine lingehitaji kuongezewa maneno, limo tayari ndani ya umbo la neno. Msomaji makini wa Kiswahili hapaswi kulipita.

Mfano wa pili ni "kusikia". Katika Kiswahili sanifu kitendo hicho ni cha sikio kwanza. Kwetu Lubumbashi, kumwuliza mtu kama anasikia Kiswahili ni kumwuliza kama anakielewa. Matokeo yake ni kwamba lawama ya Yakobo inakuwa nzito zaidi kwa msikilizaji wa Kampemba kuliko kwa yule wa Unguja. Si aliyepitiwa na sauti tu anayelaumiwa, bali hata aliyeelewa vizuri kisha akakaa.

Mfano wa tatu unatoka katika Sala ya Bwana. Biblia ya Muungano inatumia neno "riziki", sala ya Wakatoliki inatumia "mkate". Neno la kwanza, kwa masikio ya wengi mjini kwetu, ni la kitabuni. La pili linaeleweka upesi mno: mkate ni ule wa asubuhi, unaoliwa na chai na mwenye uwezo. Mfafanuzi katika nyumba ya Kampemba anapofika hapo husema "bukari", na papo hapo sala inabadilika. Bukari haimliki mtu peke yake. Huliwa kwa mkono, katika sahani moja, na jirani akipita wakati wa kula huitwa. Anayeomba bukari ya leo ameomba pia, atake asitake, watu wa kula naye. Hilo halikuandikwa na mtafsiri, lakini halipingani na sala inayosema "sisi" na wala si "mimi".

Mfano wa nne ni "jirani". Katika mji wa viwanja na nyua, jirani ni yule mnayepakana naye palseli. Ni neno la mahali. Mwanasheria katika Injili ya Luka, sura ya kumi, analitumia hivyo hivyo: anataka apewe mpaka. Mfano wa Msamaria haumpi mpaka. Swali linageuzwa: linaacha kuuliza jirani ni nani, linauliza ni yupi aliyekuwa jirani kwa aliyeumizwa. Nomino ya mahali imefanywa iwe kama kitenzi. Kisha mwanasheria anaambiwa aende akafanye vilevile. Mfano huu tunaurudia katika sehemu inayofuata, kwa sababu mji wetu na majirani zake waliwahi kuulizwa swali hilo si kwa maneno.

5. Mitihani ya miaka ya 1970 na ya 1990

Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliingia katika maisha ya makanisa. Sheria ya mwisho wa mwaka 1971 iliweka masharti ya kutambuliwa kwa madhehebu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa na shule za makanisa zikachukuliwa na serikali, hadi ziliporudishwa mwaka 1977. Wakati huo ndipo Askofu Mkuu wa Lubumbashi, Eugène Kabanga, alipoandika barua yake ya kichungaji ya mwaka 1976, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mimi ni mtu". Ilikemea rushwa na uporaji uliokuwa umeenea nchini kuanzia juu hadi chini. Ujasiri wake ulisifiwa mbali na mipaka ya jimbo.

Barua iliandikwa kwa Kifaransa. Hatudai kwamba ilitokana na Jamaa, ambayo askofu huyo huyo alikuwa na ugomvi nayo. Lakini msikilizaji wa kambini aliyefasiriwa jina la barua hiyo hakuweza kulisikia bila kukumbuka "muntu" na "umuntu" wa mafundisho. Watu waliogombana juu ya mamlaka walikutana katika neno moja: kwamba anayeiba cha umma, au anayedai hongo ili atie sahihi karatasi, amepungukiwa na utu kabla hajavunja sheria. Huo nao ulikuwa usomaji wa Maandiko uliotafuta kutendwa, safari hii ofisini.

Mtihani wa pili ulikuwa mkali zaidi. Uchumi wa migodi ulikuwa ukiporomoka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na uporaji wa mwaka 1991 ukaharibu mengi yaliyosalia. Mwaka 1992 na 1993, katika Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga. Familia nzima zilikaa katika vituo vya reli zikingoja treni kwa wiki na miezi, na wengi walikufa kwa magonjwa, pale kituoni au njiani.

Waliofukuza na waliofukuzwa wengi wao walikuwa Wakristo, tena wa makanisa yale yale. Walisali kwa Kiswahili kile kile. Walikuwa wamesikia, kwa maana zote mbili za kitenzi hicho, mfano wa Msamaria, ambaye naye alikuwa mtu wa kabila lililochukiwa. Kolwezi ndiko Jamaa ilikozaliwa, na Jamaa ilikuwa imewakutanisha Waluba wa Kasai na watu wa Katanga kama Baba na Mama wasioulizana kabila. Mwanahistoria wa usomaji hawezi kuyapita mambo haya kwa sababu yanauma. Yanaonyesha kwamba neno lililokwisha kuhamia nyumbani laweza pia kufukuzwa nyumbani, pale kauli za siasa zinapoligeuza tena neno "jirani" liwe neno la mpaka.

Yapo pia yaliyo kinyume. Parokia zilipokea watu, na mashirika ya makanisa yaliwalisha waliokuwa vituoni. Wapo majirani walioficha watu au kuwatunzia vyombo. Habari za namna hiyo zinasimuliwa bado katika mitaa yetu, nyingi bila kuandikwa. Kama kuna mahali pa kutafuta watendaji wa neno, pa kuanzia ni katika masimulizi hayo.

6. Kampemba ya leo

Baada ya mfumo wa chama kimoja kumalizika mwezi wa Aprili 1990, makanisa yaliongezeka kwa wingi. Katika Kampemba, kutoka Bongonga hadi Kigoma, kutoka Kafubu hadi mtaa wa viwanda, si rahisi kutembea Jumapili bila kusikia sauti ya kanisa moja ikipokewa na ya jingine. Kampuni ya Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipowaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika miaka ya 2000, nyumba nyingi zilibaki bila mshahara, na mahubiri ya baraka na utajiri yakapata wasikilizaji wenye njaa ya kweli.

Katika hali hii, namna mbili za kusoma zinashindana, pengine ndani ya kanisa moja. Namna ya kwanza huchukua mstari mmoja, huukata kutoka katika sura yake, huurudia kwa sauti kubwa mpaka uwe kama ahadi ya malipo. Lugha yake ni Kiswahili bora kilichochanganywa na Kifaransa, na ugumu wake ni sehemu ya nguvu yake. Namna ya pili ni ya polepole. Watu wachache hukaa sebuleni au chini ya mwembe; mmoja husoma sura nzima kutoka kitabu; kisha hufuata kile ambacho kila mtu anakijua: "maana yake ni kusema..." Hapo lugha hubadilika. "Watu" wanakuwa "bantu", "vitabu" vinakuwa "bitabu", "ninasoma" inakuwa "minasoma". Maneno ya Kifaransa kama "donc" na "mais" huunganisha hoja, jambo ambalo de Rooij (1996) amelieleza vizuri kwa Kiswahili cha Shaba. Mara nyingi anayefafanua vizuri zaidi ni mama asiyesoma haraka, lakini anayejua kuuliza.

Mabadiliko hayo ya lugha hayatokani na uvivu wala na ujinga. Ni hatua ya usomaji. Mwenye kusoma kwa Kiswahili bora bado anaweza kukubali kila kitu, kwa sababu hakijamgusa. Atakapolazimika kusema kwa Kiswahili cha nyumba nini maana ya kusamehe deni, atamkumbuka anayemdai, na anayemdai pengine ameketi karibu naye.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya Biblia katika Lubumbashi haiishii katika orodha ya tafsiri na tarehe zake. Kitabu kilitoka pwani, katika Kiswahili cha watu wengine; kilipokewa na makarani waliokisoma kwa uhuru, na wakatekumeni waliokijua kwa maswali na majibu; Jamaa ikakifanya kiwe mazungumzo ya mume na mke; jumuiya ndogo zikayarithi mazungumzo hayo. Kila neno lilipofaulu kutendwa, lilikuwa limepita kwanza katika lugha ambayo watu hugombana na kupatana kwayo.

Kutokana na hayo, wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana kazi mbele yao. Tumerithi sarufi na maelezo ya Kiswahili chetu, tangu kazi ya Polomé (1968) hadi za hivi karibuni, na tuna hazina ya mafundisho ya Jamaa aliyoyakusanya Fabian. Lakini ufafanuzi unaofanywa kila juma katika nyumba za Kampemba haurekodiwi na yeyote, na wazee waliopita katika mafundisho ya kambini wanazidi kupungua. Kuukusanya ufafanuzi huo ni kazi ya isimu, na ni kazi ya historia pia. Vilevile, wale watakaotafsiri au kusahihisha Biblia kwa ajili ya wasomaji wa Kongo wangefanya vema kusikiliza kwanza sebule hizo, si ili waandike "bitabu" badala ya "vitabu", bali ili wajue ni maneno gani yanayosimama mlangoni na ni yapi yanayoingia ndani.

Kiswahili bora kitaendelea kuwa lugha ya kitabu, na ni haki yake. Kinawaunganisha wasomaji wa Lubumbashi na wale wa Kigoma, Mombasa na Unguja, na kinamrudisha mfafanuzi aliyekwenda mbali. Lakini tusiwafundishe wanafunzi wetu kuionea haya lugha ya pili, ile inayokuja baada ya "maana yake". Yakobo hakuuliza kama neno lilisomwa kwa matamshi sahihi.